Watu Tisa wa Harusi ya Rahmo

Bomba la Maji la Pili,
Kijiji cha Uzio,
Posta ya Garissa.
19 Juni, 1967.

Kwa mpwa wangu mpendwa Awil,
Nakuru.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Anayekuandikia ni mimi, mjomba wako Gelle, mtu ambaye bila yeye mji huu haunywi maji. Sisemi kwa kujisifu, ndivyo mambo yalivyo. Tangu mwezi wa pili nimekabidhiwa ufunguo wa bomba, na watu elfu tatu, pamoja na askari wa lango na bunduki zao, hawalowanishi koo mpaka mimi niamke, nivae viatu, nizungushe mkono. Juma lililopita bwana mmoja mkubwa wa ofisini alikuja na ndoo, akasimama kwenye foleni nyuma ya akina mama, akaniambia, "Shikamoo, Mzee wa Maji." Nikamwitikia. Nikamjazia mpaka ukingoni.

Baada ya salamu, u hali gani, mwanangu? Kifua chako kimepona? Naambiwa baridi ya Nakuru huingia mtu mpaka kwenye meno. Je, lile gari la maziwa bado unaliendesha wewe, na tajiri wako amekuwa mtu mzuri au bado? Mama mwenye nyumba anayekupikia ni mzima? Unaswali? Unakula nyama? Mtu asiyekula nyama hawezi kusimama na huzuni, hili nakwambia mimi niliyezika watu.

Sisi huku wazima kwa uwezo wa Mungu. Mke wangu Kaaha mzima, ni mguu tu unaomsumbua. Dada yako Rahmo mzima, amekonda, lakini akilazimishwa anakula. Kaburi la mama yako tuliliwekea mawe meupe kabla mvua haijaisha. Tulipewa ruhusa ya nusu saa kutoka nje ya uzio. Nilimsomea Yasini, na kwa niaba yako pia, sauti mbili ndani ya koo moja. Miezi miwili sasa, Awil, na bado nikipita mlangoni kwake mguu unapunguza mwendo wenyewe.

Barua yako ya tarehe tatu imefika. Ilifunguliwa njiani ikafungwa tena kwa gundi, kama ilivyo desturi ya siku hizi. (Wewe ndugu unayefungua barua zetu, salamu kwako pia. Humu hamna siasa wala njia za porini. Ni habari ya harusi tu. Soma taratibu, na gundi usiimwage juu ya jina langu.)

Niliisoma kwa sauti mbele ya Rahmo na Kaaha, maana hapa nyumbani msomaji ni mimi peke yangu. Nilisoma shule miaka miwili na nusu tu, lakini sababu ni kwamba mwalimu alikosa cha kuniongezea. Basi nilisoma vizuri, ila pale ulipoandika kwamba mjomba amelala usingizi akaacha binti wa Hirsi aozwe kama mtu aliyeokotwa njiani, pale nilikohoa, nikaruka mistari minne. Rahmo akaniuliza, "Abti, mjomba wangu, mbona kikohozi kimekuja ghafla?" Nikamwambia ni vumbi. Siku nyingine ukiandika, kumbuka kwamba nasoma kwa sauti.

Umeuliza kwa ukali mambo matatu. Kwa nini haraka, wakati mama hajatimiza hata nusu mwaka kaburini. Kwa nini watu tisa. Na kwa nini dada yako aolewe bila nyumba ya mikeka ambayo kila bibi harusi husukiwa na mama yake. Nitakujibu, ingawa si majibu ya kumfurahisha mtu.

Haraka ni hivi. Kijana Aden, ambaye mama yako alimkubali kwa kinywa chake mwenyewe, amepata kazi ya kuchanja mifugo huko Bute. Msafara wa malori unaondoka Jumamosi, tarehe 22 Julai. Kwenye cheti chake cha njia kuna mstari wa kuandika mke. Akiondoka mstari ule ukiwa mtupu, hakuna ajuaye ni lini atapewa cheti kingine cha kurudi, na Rahmo hatoki ndani ya uzio huu. Wewe mwenyewe uliomba ruhusa ya kuja kumzika mama yako, ukanyimwa mara mbili. Usinifanye nikueleze zaidi, unaelewa.

Basi siku ni Ijumaa tarehe 21, baada ya sala ya alasiri. Harusi ya muda wa saa mbili, Awil. Mimi niliyecheza siku saba katika harusi ya mama yako na baba yako, nikatoboa viatu vya ngozi ya ngamia mara mbili, leo napanga harusi inayokwisha kabla chai haijapoa.

Kuhusu watu tisa, nataka ujue kwamba mimi nilianza na mia mbili. Niliandika majina yote usiku na mchana kichwani. Nikaenda ofisini nikiwa nimevaa kanzu. Karani akanitazama akasema, "Mzee, mkusanyiko ni watu kumi. Na saa kumi na mbili kila mtu awe kwake."

"Kumi pamoja na bibi harusi?"

"Pamoja na bibi harusi."

"Na mimi?"

"Wewe ni mtu au si mtu? Pamoja na wewe."

Nilimkazia macho mpaka akapiga muhuri. Alio, jirani yetu unayemkumbuka, yule aliyekuwa akichunga na baba yako, anasema kijana angepiga muhuri hata kama ningefumba macho. Mwache aseme. Ukiwa na ufunguo wa bomba husumbuliwi na maneno ya Alio.

Nilirudi na karatasi yangu nikamwambia Rahmo, tuna kumi, tuchague. Nilidhani atalia. Alikuwa anapepeta mahindi ya mgao, hakuinua hata kichwa.

"Abti, mimi nataka tisa."

"Serikali imekupa kumi, wewe unairudishia mmoja? Wanaolala njaa hawarudishi punje."

"Tisa. Nimeshawahesabu. Mimi na Aden. Madina, mama yake. Wewe na Kaaha. Sheikh Ogle wa kutuozesha. Mashahidi Alio na mwenzake Elema."

"Hao wanane."

"Wa tisa ni Awil. Kikombe chake kitamiminwa chai, kitakaa mahali pake."

Nikakaa chini. Nikamwambia chai hiyo nitainywa mimi baadaye isiharibike, akacheka kidogo, akarudi kwenye mahindi yake. Nikamuuliza, na ngoma je? Japo ya kupiga mapaja. Majirani je, wale waliokuona ukizaliwa? Akaniambia, "Abti, nani atacheza? Nitajie." Nikaanza kutaja. Nilitaja watano, Awil, nikanyamaza. Wa kwanza yuko chini ya ardhi, wa pili yuko ng'ambo ya mpaka, wengine hatujui walipo. Yeye aliniona nilivyonyamaza, akasema pole pole, "Harusi kubwa itanionyesha wasiokuwepo. Ndogo nitaiweza."

Mimi nilikuwa sijawahi kusikia mtu akipanga harusi kwa hesabu ya namna hiyo. Kwetu harusi si ya bibi harusi, ni ya kila mwenye tumbo na miguu. Lakini nilipolala nikaifikiri, nikaona mtoto ana akili kuliko karani na mimi tukijumlishwa.

Sasa mikeka. Hapa ndipo uliponichoma.

Ninyi mlioondoka mapema mnaikumbuka nyumba, hamkumbuki ilivyopatikana. Rahmo alipofika miaka saba mama yako alianza kutafuna maganda ya mgunga. Mwanamke analitafuna ganda mpaka linakuwa nyuzi, analianika, anasokota, anasuka. Miaka kumi, Awil. Alikuwa anachunga anatafuna, anakamua anatafuna, unamsalimia anakujibu kwa mkono kwa sababu mdomo umejaa. Meno yake yakawa mekundu kama udongo wa Balambala. Alisuka mikeka kumi na minne ya nyumba ya Rahmo, ile mizito ya kuzuia mvua na ile laini ya ndani, kila mmoja na pindo lake. Binti wa mahari ya ngamia arobaini na mmoja, ndivyo watu walivyosema wakiiona.

Mwaka jana mwezi wa nane tulipoamriwa kuhamia hapa, wanawake na wagonjwa walipakiwa kwenye lori asubuhi ile ile. Rahmo alikuwa na homa, kwa hiyo mama yako alipanda naye. Sisi wanaume tuliambiwa tuje na wanyama kwa miguu kufuata mto, na jua likizama tuwe tumefika kituo cha kwanza. Mama yako aliniita kutoka juu ya lori: "Gelle! Mikeka ya mtoto iko mikononi mwako." Nikapiga kifua, akaona.

Habari ya mamba unaijua, nilikuandikia wakati ule. Tulifika pa kunyweshea, yule ngamia dume mwekundu wa mizigo akainama kunywa, maji yakapasuka, mamba akadaka mzigo mzima wa mikeka. Mimi nilishika kamba, yeye ameshika mikeka, tukavutana tangu adhuhuri mpaka alasiri. Urefu wake mikono minane. Ngamia nilimwokoa. Mikeka ikaenda na mto. Kijiji hiki chote wanaijua habari hiyo, watoto huja bombani kuniomba niisimulie, na mimi husimulia, kwa sababu foleni ni ndefu na jua ni kali.

Mama yako nilimkuta langoni ananisubiri. Akamtazama ngamia, hana mzigo. Nikamweleza yote, na kwa ishara za mikono. Hakulia. Aliichukua ile kamba iliyokuwa ikining'inia shingoni mwa ngamia, akaipitisha mkononi toka mwanzo mpaka mwisho, akaikunja, akasema, "Pole, ndugu yangu. Umechoka. Nenda kakae kivulini." Yule ngamia mwekundu naye hakumaliza mwezi, kama walivyokwisha wengine. Majani ndani ya uzio yaliisha kwa siku sita. Za baba yako zimebaki kengele mbili za mti za kuvalisha ngamia, na hiyo ndiyo mali yote ya Hirsi iliyoingia humu.

Sasa hili sikukuandikia, kwa sababu mama yako alinikataza. Alianza upya. Ndiyo, hapa hapa. Wanawake wakitoka kuokota kuni wakisindikizwa na askari, yeye alikuwa anabandua maganda ya mgunga anayaficha kwenye kanga, na akikosa maganda anafumua magunia ya mgao, anachanganya nyuzi. Meno yalikuwa yameshaanza kumtoka. Kaaha alimwambia, "Dada Ebla, utamaliza meno kabla ya mkeka." Akajibu, "Meno ya kazi gani, kuna nyama?" Wakacheka wote wawili mpaka Rahmo akatoka ndani kuuliza.

Alifika nusu. Mkeka mmoja, nusu. Kisha ugonjwa wa kifua ukamwangusha.

Nilikuwa naye mchana ule wa mwisho. Ungependa kujua, na hakuna mwingine wa kukwambia. Alikuwa amelala ubavu, macho yako wazi, akili iko sawa. Aliuliza kama barua yako imekuja, nikamwambia inakuja. Kisha akaniuliza, "Gelle, yule mamba alikuwa na urefu gani?"

Nikasema, "Mikono tisa."

"Mwaka jana alikuwa minane."

"Nilikuwa sijampima vizuri."

Akacheka, Awil. Akacheka mpaka akakohoa, nikamwinua, nikampa maji ya bomba langu. Alipotulia akasema, "Mwozesheni Rahmo kwa Aden, msiningojee." Kama vile anakwenda kisimani. Nikajisemea, angalau mimi Gelle nimemchekesha dada yangu siku yake ya mwisho. Hilo nimelishika kifuani mpaka leo, na wakati mwingine ndilo linaloniuma zaidi.

Nirudi kwenye harusi, maana wino ni mdogo.

Rahmo anataka ule mkeka nusu. Ndio watakaoukalia yeye na Aden wakati wa kuozeshwa, ndio atakaokwenda nao Bute. Kaaha na wanawake wanne walikuja na maganda yao, kila mmoja na kidogo alichokificha, wakasema tukae siku tano tuumalize, mtoto asikalie kitu kilichokatika. Walikuja kwa moyo mzuri, na Rahmo aliwaandalia chai. Kisha akautandaza, akaweka kidole pale usukaji unapoishia, nyuzi bado zimening'inia, akasema, "Mkono wa mama uliishia hapa. Nikiuendeleza sitapaona tena."

Kaaha aliyakusanya maganda akayaweka kwenye kanga. Nje, Alio alinishika bega akaniambia, "Gelle, hii ndiyo harusi ya kwanza naona bibi harusi anajua anachotaka." Nami nikamwambia amerithi kwa mjomba. Akatema mate.

Mahari pia utashangaa. Aden hana ngamia, kama sisi. Rahmo akamwambia amfundishe kusoma na kuandika, sura za Kurani na herufi hizi za posta, mpaka aweze kukuandikia wewe mwenyewe bila kupitia kwangu. Sheikh Ogle amesema inafaa, mafundisho ni kitu chenye thamani. Aden ameapa mbele ya mama yake. Ni kijana mpole, ana mikono ya kumshika mnyama bila kumwogofya. Aliponiomba radhi alikuwa anatetemeka, nadhani kwa kujua mimi ni nani. Basi ikifika mwaka kesho, utapata barua ya dada yako isiyorukwa mistari.

Chakula: mbuzi mmoja mdogo wa Alio, tende pakiti tatu, chai ya maziwa ya unga. Maziwa ya ngamia nimeyatafuta kijiji kizima nikapata kikombe kimoja kimeahidiwa na bibi mmoja, nacho ni cha Rahmo peke yake. Hina ataipaka Kaaha. Ngoma hairuhusiwi, lakini nilisoma ile karatasi mara tatu, haikutaja kengele. Kwa hiyo wakishakubaliana nitatikisa kengele moja ya baba yako, ile yenye ufa, uliyokuwa ukiifuata porini ukiwa mdogo. Mara moja tu. Ukiwa barabarani na gari lako la maziwa Ijumaa ile saa kumi na moja, punguza mwendo kidogo.

Na sasa lile kubwa. Nilimwendea Sheikh Ogle nikamwambia mimi mjomba ndiye nitakayemtoa Rahmo. Akaniambia, "Gelle, kaa. Mjomba upande wa mama hana kauli hapa. Baba hayupo, babu hayupo. Walii ni kaka yake."

"Kaka yuko Nakuru, na njia imefungwa."

"Posta haijafungwa. Akuandikie kwamba amekufanya wewe wakili wake, mbele ya mashahidi wawili, nitakubali. Asipoandika, nitamsubiri."

Mimi! Mtu ninayewanywesha watu elfu tatu! Nilitoka pale masikio yana moto. Lakini Sheikh ni Sheikh, na haki ni yako.

Kwa hiyo ninakuomba, mwanangu. Hukumkubali Aden kwa macho yako, lakini mama yako alimkubali kwa macho yake. Andika karatasi. Sema kwamba wewe Awil, mwana wa Hirsi, umempa mjomba wako Gelle idhini ya kumwozesha dada yako Rahmo kwa Aden. Watie sahihi watu wawili Waislamu hapo Nakuru. Barua inachukua siku kumi na nne, ikifunguliwa inachukua ishirini. Ikifika baada ya tarehe 21 nitakuwa nimeshika karatasi na lori limekwenda. Kama bado una hasira na mimi, iandike kwanza, kisha kasirika.

Rahmo hakuniambia nikuombe. Anaamka alfajiri anafagia mlango, anatazama njia ya posta, anaingia ndani. Hivyo tu.

Kaaha anakusalimia na anasema uvae soksi. Madina, mama yake Aden, anakusalimia ingawa hamjuani, anasema amepata mtoto mwingine wa kiume bila uchungu. Alio anakusalimu, na Elema, na Sheikh Ogle anakuombea. Rahmo anakupa salamu ambazo nimeshindwa kuziandika, kwa sababu alizisema akiwa amegeukia ukutani. Nawe utusalimie tajiri wako na mama mwenye nyumba.

Mungu akuzibie baridi, akufungulie riziki na njia, na atukutanishe mahali pasipo lango. Amina.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye,
Gelle,
Msimamizi Mkuu wa Maji.

Awil, nimeichana bahasha niliyokwisha kuifunga. Kaaha ameniuliza kuna nini, nimesema nimesahau tarehe.

Jana Rahmo alilifungua furushi la mama yake kutoa ule mkeka ausafishe. Ulikuwa umezungushiwa ile kamba. Akaikunjua, akaipitisha mkononi vile vile kama mama yake, toka mwanzo mpaka mwisho, akasema, "Abti, si ndiyo hii kamba ya mamba?" Alio alikuwepo. Akasema, "Mamba gani huyu hakuacha hata alama ya jino?" Wakanitazama. Nikasema bomba limeachwa wazi, nikaondoka, na lilikuwa limefungwa.

Ukitaka kunipa neno lako juu ya dada yako, basi ujue unampa nani. Hakukuwa na mamba. Siku ile tunapakia, bibi Habibo, yule kikongwe aliyekuwa amesahauliwa na lori, alikuja akaniambia, "Gelle, lete nikufungie. Mzigo wa nyumba hufungwa na mwanamke, una fundo lake." Nikamwambia mimi nimefunga mizigo ya Wazungu mpaka Lafey. Nikafunga mwenyewe. Nikatangulia mbele namsimulia Alio hadithi. Mchana nilipogeuka, ngamia alikuwa anatembea mwepesi, kamba inaburuta mavumbini. Sijui hata mikeka ilianguka wapi. Nilirudi mpaka kwenye kona ya kwanza, askari akanipigia filimbi, nikafurahi amenipigia.

Dada yangu aliishika kamba nzima, haina mkato, na alijua. Miezi minane alikuwa ananiuliza urefu wa mamba.

Tarehe 22 mkeka nusu unapanda lori la Bute. Nimemwomba Kaaha anifundishe lile fundo, niufunge mimi. Kila alasiri, bomba likifungwa, tutakaa nyuma ya nyumba na kamba ile ile, anishike vidole kama mtoto. Leo ni siku ya kwanza. Limefunguka mara kumi na moja.

Gelle.